Je, Wajua? Kibao cha "Haiuzwi" si Mzaha

Je, wajua kwamba maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli", yanayowachekesha wageni wenye kamera, ni kinga ya kweli? Wapo matapeli wanaouza nyumba au kiwanja mwenyewe akiwa safarini, hivyo mwenye mali huandika ukutani ili mnunuzi ashtuke mapema.

Kuzunguka Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, maneno hayo yana uzito zaidi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alifika Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi yao.

Vibao vingi huandikwa kwa brashi na rangi ya mafuta juu ya bati au ubao, na nafasi ikiisha herufi za mwisho hubanwa. Huo ndio uzuri wake! Ukipiga picha simama upande kidogo, maana rangi hiyo hurudisha mwanga wa jua. Lakini kwanza bisha hodi: mgeni anayepiga picha ukuta wa watu kimyakimya hudhaniwa kuwa ndiye tapeli.