Hijja na hesabu ya gunia: safari ya Makka kutoka Kyela

MCHELE wa Kyela una tabia moja ambayo kila mnunuzi wa jumla anaifahamu. Mpunga ukivunwa, kati ya Mei na Julai, bei inalala. Magari ya Dar es Salaam yanajipanga Ipinda na Kyela mjini, madalali wanachagua, na mkulima mwenye shida ya haraka anauza kwa lumbesa huku akijua anaibiwa. Baadaye, ghala zikianza kupungua na mvua kushika njia, bei inaamka, na mwenye subira na ghala lisilovuja ndiye anayekula faida.

Hesabu hiyo si ngeni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wiki hii tunaitazama kwa upande ambao ripoti za soko huwa haziutazami, yaani upande wa mtu anayeuza gunia ili aende Hijja.

Waislamu ni wachache katika wilaya hii. Wamoravian na Walutheri walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na hadi leo kengele za kanisa ndizo nyingi kutoka Ipyana hadi Matema. Lakini biashara na Uislamu katika mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni jamaa wa siku nyingi. Ng'ambo ya mto Songwe, karibu na Karonga, mfanyabiashara wa Kiswahili Mlozi alipigana na kampuni ya African Lakes kuanzia mwaka 1887 kwa ajili ya kugombea njia za biashara. Baadaye wakaja askari na wenye maduka, wakaoa, wakalima. Wajukuu wao leo wana mashine za kukoboa, maduka ya pembejeo na mashamba ya kakao.

Baba mkubwa wa mwandishi wa ukurasa huu ni mmoja wao. Ana mashine ya kukoboa na ghala dogo pale Ipinda, pamoja na ekari nne za kakao. Alizaliwa mwaka 1956. Alianza kuweka fedha za Hijja nikiwa sekondari, na alilipa kwa mara ya kwanza mapema mwaka 2020.

Kilichofuata kila msomaji anakikumbuka. Mwezi Juni 2020, kwa sababu ya Uviko, Saudi Arabia ilitangaza kwamba Hijja itafanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, nao pia wakazi wa huko huko. Mwaka 2022 mlango ulifunguliwa kwa watu milioni moja kutoka dunia nzima, lakini kwa sharti kwamba mtu awe chini ya miaka 65. Baba mkubwa alikuwa na miaka 66. Aliyekuwa amelipwa fedha, wakala ambaye hatutamtaja, alizirudisha kidogo kidogo kwa muda wa miezi kumi na minne, tena kwa shilingi, baada ya kukata kile alichokiita gharama za ofisi. Sharti la umri liliondolewa mwaka 2023. Wakati huo fedha iliyorudi ilikuwa haitoshi tena.

Kwa nini haikutosha?

Hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara. Mpunga unauzwa kwa shilingi, lakini safari ya Hijja inanunuliwa kwa dola. Riali ya Saudi Arabia imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, riali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo anayeweka shilingi kwa ajili ya Makka anacheza na dola apende asipende. Tuchukue, kwa mfano tu, safari ya dola 5,000. Kwa kiwango cha shilingi 2,300 cha mwaka 2020, hiyo ni shilingi milioni 11.5. Mapema mwaka 2024, dola ilipokuwa inakaribia shilingi 2,550, safari ile ile ni milioni 12.75. Baadaye mwaka huo dola ilipanda zaidi, na mwaka 2025 ulipokuwa unaelekea kwisha shilingi ikapata nguvu hadi karibu 2,450. Tena mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 tatizo halikuwa kiwango peke yake. Dola zenyewe zilikuwa adimu mabenki, na mtu aliyekuwa na shilingi mkononi alizunguka nazo.

Na bei ya huko nayo haikusimama. Julai 2020 Saudi Arabia ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5 hadi 15, na kodi hiyo inaingia katika nyumba, chakula na usafiri. Hata mnyama wa kuchinja ana bei yake rasmi. Mwaka 2025 hati ya kuchinjiwa iliuzwa riali 720, yaani dola 192, ambazo kwa viwango vya miaka hii ni kati ya shilingi laki nne na sabini na laki tano na ishirini. Wengi wa mahujaji wetu hufanya Hijja ya Tamattui, ambayo huwezi kuikwepa gharama hiyo.

Kalenda mbili

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, hivyo Mfungo Tatu unarudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka. Siku ya Arafa ilikuwa 27 Juni mwaka 2023, 15 Juni mwaka 2024 na 5 Juni mwaka 2025. Mwaka 2026 inaangukia karibu tarehe 26 Mei. Mpunga wa Kyela hausogei.

Miaka hii pia Saudi Arabia inataka mikataba ya mahema ya Mina, nyumba na mabasi ifungwe miezi kadhaa kabla, na kila kitu kipite katika mtandao wao. Maana yake, mtu wa Kyela anatakiwa awe amelipa karibu yote wakati mpunga wa mwaka huo bado ni majani. Analipa kwa mpunga wa mwaka uliopita. Kwa bahati, miezi hiyo ya kulipa, Desemba hadi Februari, ndiyo miezi ambayo bei ya mchele huwa imeamka. Kwa hiyo anayeweza kuhifadhi mpunga ghalani tangu Julai ana nafuu kubwa kuliko anayeuza shambani na kuweka noti ndani ya sanduku. Hili nililipigia hesabu mara tatu, maana darasani hatukufundishwa kwamba gunia linaweza kuwa benki nzuri kuliko benki. Lina hatari zake, panya na unyevu, na Kyela ni nchi ya mvua nyingi.

Kakao ndiyo iliyotugombanisha. Januari 2024 baba mkubwa alitaka kuuza kakao yote aliyokuwa nayo, zaidi ya kilo mia sita, ili ajazie fedha ya mchele na kulipa kabla orodha haijafungwa. Bei ya dunia wakati huo ilikuwa dola 4,000 na ushei kwa tani, nayo ilikuwa inapanda kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Nilimshauri angoje. Nilikuwa na takwimu na nilizionyesha. Alinijibu kwamba mikakao itazaa tena, na kwamba mimi nimhesabie na umri wake katika hiyo karatasi. Aliuza.

Mwishoni mwa Machi 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani. Desemba mwaka huo ilipita 12,000. Nani asiyekumbuka minada ya Kyela ya mwaka ule? Watu walijenga, watu walinunua pikipiki mbili mbili. Mwenye shamba hapati bei ya New York, lakini anaifuata. Kwa bei ya mwaka 2022, ambapo tani ilikuwa karibu dola 2,500, safari ya dola 5,000 ilikuwa sawa na tani mbili za kakao kavu. Kwa bei ya Desemba 2024 ilikuwa kama kilo 417 tu. Oktoba 2025, bei iliposhuka hadi karibu dola 6,000, ikarudi kilo 830 na kitu. Hesabu yangu ya Januari ilikuwa sahihi. Hata hivyo, angenisikiliza asingeenda mwaka ule.

Mtaji uuzwe?

Lipo swali ambalo wafanyabiashara wengi wanalikwepa. Hijja ni wajibu kwa mwenye uwezo, lakini uwezo ni nini kwa mtu ambaye mali yake yote imo dukani? Deni linalodaiwa linatangulia, na matumizi ya nyumbani mpaka mtu arudi lazima yaachwe. Hapo hakuna mzozo. Hakuna pia anayelazimishwa kukopa, na mkopo wa riba ni tatizo juu ya tatizo. Mzozo uko kwenye mtaji. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafii wa Afrika Mashariki wamekisoma kwa karne nyingi, anaona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mtu analazimika kutumia hata mali yake ya biashara kwa gharama za Hijja. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine wanaosema mtaji unaomlisha mtu na watu wake hauguswi.

Kwa aliyesomea biashara kauli ya Nawawi inatisha kidogo. Lakini shehe wa msikiti wetu aliifafanua kwa namna ambayo mhasibu angeielewa: bidhaa ghalani ni jambo moja, chombo cha kazi ni jambo jingine. Baba mkubwa aliuza mchele na kakao, mashine akaiacha. Aliporudi alianza kukobolea watu kwa malipo, bila gunia hata moja la kwake, mpaka msimu ukamkuta.

Malaysia waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz aliandika kuhusu wakulima waliouza mashamba na mifugo ili kwenda Makka, wakarudi wakiwa masikini. Kutokana na pendekezo lake, mwaka 1963 ulianzishwa mfuko wa akiba ya Hijja, ukiwa na wanachama 1,281. Ndio unaojulikana leo kama Tabung Haji. Mkulima anaweka kidogo kidogo, fedha inawekezwa kwa njia isiyo na riba, na zaka inalipwa na mfuko. Nigeria nao walianzisha mpango wa akiba mwaka 2020 pamoja na benki ya Jaiz. Hapa kwetu benki ya Kiislamu ipo, Amana Bank imefanya kazi tangu 2011, na benki kubwa nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Lakini mipango mingi ya akiba imeshonwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Mtu wa Kyela hana mwisho wa mwezi. Ana mnada wa kakao na ana Januari ya mchele.

Kwa hiyo mwenye kuanza leo ajipangie kwa misimu. Dola 5,000 kwa miaka mitano ni dola 1,000 kwa mwaka. Kwa dola ya shilingi 2,450, na tukichukulia mchele shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni kilo 1,225, yaani magunia kumi na mawili na robo. Auze bei ikiwa juu, na fedha aigeuze dola benki siku ile ile badala ya kusubiri kiwango kizuri. Asisahau kwamba akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka ina zaka ya asilimia 2.5. Pasipoti ya kielektroniki, shilingi 150,000, aichukue mapema, na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni ya lazima.

Na akiambiwa kuna njia ya bei nafuu kwa viza ya matembezi, akatae. Mwaka 2024 joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, ambapo asilimia 83 walikuwa watu wasio na kibali cha Hijja. Hao ndio waliotembea juani bila hema wala basi. Baba mkubwa alikuwa huko huko. Alikuwa na kibali, hema lenye kipoza hewa na miaka 68. Alitufu mara saba, akafanya saayi mara saba, akasimama Arafa, akalala Muzdalifa juu ya changarawe, akatupa mawe Mina. Siku moja ya mawe alipotea saa nne nzima, na nyumbani simu haikupatikana. Saa zile nne sizielezi hapa.

Alirudi Dar es Salaam, akapanda basi, akapita Mbeya na Tukuyu, akashuka Kyela na dumu la lita tano la zamzamu na tende. Malalamiko yake yalikuwa moja tu, kwamba mchele wa kambini hauna harufu. Aya ya 198 ya Al-Baqara inaruhusu mtu kutafuta riziki katika safari hiyo, na alinieleza kwa kirefu ni magunia mangapi ya Kyela angeweza kuyauza pale Mina.

Mama mkubwa bado hajaenda. Ana magunia kumi na matatu ghalani, ameyaandika jina lake kwa makaa, na ameshaniambia kwamba habari za bei ya kakao nisimletee.