Karakana Ndogo ya Mkulima: Vyombo Vyake na Matunzo Yake

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni la kweli kwa mtu mvivu atafutaye udhuru wa kuahirisha kazi. Lakini wako waliolichukua vibaya, wakadhani ya kwamba mkulima hodari haimpasi kujali hali ya chombo chake. Matokeo yake huonekana mvua za kwanza zinapoanguka. Mpini wa jembe wavunjika asubuhi, panga ni butu, bolti ya plau imeshikwa na kutu haifunguki, na fundi aliye karibu amekwisha kuzungukwa na watu wenye shida ile ile. Siku mbili tatu hupotea, nazo ndizo siku ambazo mbegu ilipasa kuwa ardhini. Mara nyingi hasara hiyo haitokani na uchache wa vyombo, bali na kukosa mahali pa kuvitengeneza na desturi ya kuvitunza.

Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuweka karakana ndogo nyumbani, vyombo vya kununua kwanza, na jinsi ya kuvitumia pasipo kujidhuru.

1. MAHALI PA KAZI

Haihitajiwi nyumba kubwa. Chumba cha gari, au banda la hatua nne kwa tatu lenye paa lisilovuja, latosha. Mambo matatu ni ya lazima: nuru, ukavu, na hewa ya kupita.

Weka meza ya kazi karibu na dirisha. Iwe nzito, na miguu yake ikazwe barabara, kwa maana meza itikisikayo huharibu kazi na kumjeruhi mtu. Kupata kimo chake, simama wima na kuacha mikono ining'inie. Uso wa meza uwe sawa na kifundo cha mkono wako. Kwa watu wengi ni kadiri ya sentimita 85 hadi 90. Jiliwa lifungwe juu ya mguu wa meza, wala si katikati ya ubao, na midomo yake ifikie kimo cha kiwiko. Ndipo utakapoweza kusukuma tupa kwa nguvu za mwili bila kuumiza mgongo.

Ukutani pigilia ubao wa kutundikia vyombo, na nyuma ya kila chombo chora umbo lake kwa rangi. Jioni utatazama mara moja tu na kujua kilichopungua. Kadhalika, weka daftari. Mtu akiazima chombo, andika jina lake na siku. Jirani mwema hataudhika kwa kuandikwa, nawe hutalazimika kumshuku asiyehusika.

2. VYOMBO VYA KUNUNUA KWANZA

Usinunue sanduku kubwa la vyombo hafifu kwa sababu tu bei yake ni rahisi. Nunua vichache vilivyo vyema, na kuongeza kidogo kidogo kadiri kazi inavyodai. Vya kuanzia ni hivi: nyundo ya nusu kilo, msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, tupa bapa na tupa ya pembe tatu, patasi, randa, bisibisi mbili, koleo, spana, keke, guni, utepe wa kupimia, jiwe la kunolea, na jiliwa.

Katika kuchagua spana, ijaribu juu ya nati dukani. Ikicheza, iache, kwa kuwa spana ichezayo hula pembe za nati mpaka zikawa mviringo, na hapo hakuna spana itakayoshika tena. Ukipata patasi iliyokwisha tumika, pitisha tupa polepole karibu na makali yake. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu na kitashika makali. Ikila kwa urahisi, chuma ni laini.

Wembe wa msumeno wa chuma ufungwe meno yakielekea mbele. Kwa bati jembamba tumia wembe wenye meno 32 kwa inchi, na kwa chuma kinene wenye meno 18. Kanuni ni kwamba meno matatu kwa uchache yawe juu ya chuma wakati wote. Yakipungua, yatanasa na kuvunjika.

3. KUNOA

Chombo butu huchosha mtu, tena ni cha hatari kuliko chombo kikali, kwa sababu mwenye nacho hutumia nguvu nyingi na chombo huteleza.

Jembe linolewe kwa tupa, upande mmoja tu, kwa kufuata mlalo uliokuwapo tangu mwanzo. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Basi katika kuirudisha uinue, usiiburure, maana kuiburura hutia meno yake ubutu. Paka chaki juu ya tupa kabla ya kazi ili vumbi la chuma lisigande ndani ya meno.

Patasi na wembe wa randa husagwa kwa mlalo wa digrii 25, kisha ncha yake hunolewa juu ya jiwe kwa digrii 30. Ukitumia mashine ya kunolea, angalia rangi ya chuma. Kikianza kuwa manjano kama majani makavu, joto limekwisha pita digrii 200. Kikifika buluu, ni kadiri ya digrii 300, na ugumu wake umepungua. Makali ya namna hiyo hayatadumu, hata yakinolewa kila siku. Kwa hiyo chovya chuma katika maji mara kwa mara, tena kabla hakijabadili rangi. Ikiwa kimekwisha kuwa buluu, hakuna dawa illa kuisaga polepole sehemu ile mpaka iishe.

4. MIPINI

Miti mizuri kwa mipini ni ile migumu isiyopasuka upesi, kama mkole na mtalawanda. Ikatwe mapema na kukaushwa kivulini miezi kadhaa, kwa maana mpini mbichi hunywea na kulegea. Nyuzi za mti zipite kwa urefu wote wa mpini; zikikatiza ubavuni, mpini utavunjika mahali hapo hapo.

Shoka au nyundo ikilegea, wengi hulitumbukiza tundu lake majini usiku kucha. Yafaa kwa siku moja tu. Mti hufura, nyuzi zake husongwa na chuma na kupondeka, na ukisha kukauka mpini hulegea kuliko kwanza. Heri kutia kabari mpya.

Mpini upakwe mafuta ya kitani ili usinyonye maji. Lakini angalia sana: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikikunjwa na kuachwa pembeni, hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka pasipo kuguswa na moto. Vianikwe nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke.

5. BOLTI NA NATI

Bolti za kipimo cha metri hutambulika kwa unene wake. Iliyo na unene wa milimita 6 hufunguliwa kwa spana ya 10. Ya milimita 8 kwa spana ya 13. Na ya milimita 10 kwa spana ya 17, au 16 katika mashine nyingine. Lakini pampu na injini za zamani zilizotoka Uingereza huwa na bolti za kipimo cha Joseph Whitworth, aliyekitoa mwaka 1841. Mlalo wa meno yake ni digrii 55, na wa metri ni digrii 60. Kwa hiyo nati ikiingia mizunguko miwili kisha ikakaza, usiilazimishe. Huenda si ya bolti ile, nawe utaharibu zote mbili.

Nati iliyoshikwa na kutu isafishwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, na kuachwa usiku mmoja. Kesho yake igonge kidogo kwa nyundo, ijaribu kwanza kwa kuikaza kidogo sana, ndipo uifungue. Daima vuta spana kuelekea kwako, usiisukume. Kwa kuwa ikiteleza katika kusukuma, vifundo vya vidole ndivyo vitakavyogonga chuma.

6. KUTU

Chombo kilichotoka shambani kioshwe udongo, kikaushwe, na kupakwa mafuta kidogo. Kilichogusa mbolea ya chumvichumvi kioshwe siku ile ile, maana mbolea hiyo hula chuma upesi. Yafaa kuwa na sanduku la mchanga mkavu uliotiwa oili: ukichoma jembe humo mara tatu nne, mchanga husugua na oili hupaka. Oili iwe safi. Usitumie oili chakavu ya injini, kwa kuwa ina sumu idhuruyo ngozi, na huharibu udongo inakodondoka.

7. VYOMBO VYA UMEME

Mashine ya kukatia chuma, ambayo mafundi huiita grenda, ni msaada mkubwa. Lakini imewapotezea watu wengi macho na vidole. Shika kanuni hizi.

Kwanza, kila jiwe la grenda limeandikwa mwendo wa mwisho linaouweza. Jiwe la milimita 115 kwa kawaida huvumilia mizunguko 13,300 kwa dakika, bali la milimita 230 huvumilia 6,650 tu. Mtu aondoaye kinga na kufunga jiwe kubwa katika mashine ndogo amelizungusha kupita nguvu zake, nalo laweza kupasuka usoni pake.

Pili, jiwe la kukatia lina tarehe. Gundi yake huchakaa, na baada ya miaka mitatu tangu kutengenezwa halifai tena. Tena, lisitumiwe kusagia kwa ubavu.

Tatu, vaa miwani ya kazi kila mara, hata kwa mkato mmoja. Wengi walioumia walikuwa wakifanya kazi ya dakika moja.

Waya wa kurefushia umeme ukunjuliwe wote kabla ya kazi nzito, maana ukiwa umeviringwa hupata joto na kuyeyuka. Fundi wa umeme akufungie swichi ya kinga ikatayo umeme mara mkondo wa miliampea 30 unapovuja.

8. MOTO NA HEWA MBAYA

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche. Kwa hiyo usioshe vipuri kwa petroli. Mafuta ya taa yatosha, nje ya nyumba, mbali na moto.

Usichomelee pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki hulipuka kama baruti. Na chuma kilichopakwa zinki, kama bati la paa, kikichomelewa hutoa moshi uletao homa na kutetemeka. Kwangua zinki kwanza, nawe ufanye kazi penye upepo.

Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu wala rangi, na mtu hulegea kabla hajajua hatari. Wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka vigingi imara vya chuma kwanza.

9. DESTURI YA KILA JIONI

Kabla ya kufunga mlango, tumia dakika kumi: futa, paka mafuta, tundika, fagia. Na mwezi mmoja kabla ya mvua, shusha vyombo vyote na kuvikagua kimoja kimoja: mpini, makali, bolti. Kilichovunjika wakati huo hakikugharimu siku ya kupanda.

Basi aliye na nyundo moja iliyokazwa vizuri, tupa moja yenye meno, na jembe lililonolewa, amemtangulia mwenye sanduku zima la vyombo vyenye kutu. Asiyechagua jembe ni mkulima kweli. Lakini lile alilo nalo na alinoe.