Mtoto Mkimbizi Apimwe Kabla ya Kupangiwa Darasa

Miongoni mwa wanaotafuta riziki Kariakoo na mitaa ya jirani wamo wazazi waliokimbia vita Kongo na Burundi. Wengi wao hawajitokezi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na anayetoka huko awe na kibali. Mzazi anapojificha, mtoto naye hukosa shule. Hata hivyo, kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo kinampa kila mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi.

Kwa sababu hiyo tunaona mafunzo yaanze na viongozi wa asasi za kijamii, makanisa na misikiti, maana ndiko mzazi anakokimbilia kwanza. Wajifunze pande zote mbili za sheria, wamwelekeze mzazi kwenye msaada wa kisheria mapema, na wasimwahidi jambo lisilo katika uwezo wao.

Kundi la pili ni walimu, wakiwemo wakimbizi wenyewe wanaojitolea kufundisha. Mtoto aliyesoma Kongo kwa Kifaransa anaweza kuzungumza Kiswahili vizuri, lakini husema "mayi" badala ya "maji", na hajazoea kukiandika Kiswahili cha vitabuni. Akipewa jaribio kwa Kiswahili anashindwa, kisha mtoto wa miaka 12 anaketishwa darasa la kwanza. Hapo aibu humtoa shuleni na kumpeleka kuuza mifuko sokoni.

Mwalimu aliyeandaliwa hupima mambo matatu, kila moja peke yake:

Kwanza, kusoma kwa lugha aliyofundishiwa mtoto.

Pili, hesabu zisizo na maneno. Akumbuke kwamba shule za Kifaransa huandika 3,5 pale tunapoandika 3.5, na kigawanyo hukaa upande wa kulia. Huo ni utaratibu mwingine tu, si kosa.

Tatu, Kiswahili cha kuandika, ili ijulikane anahitaji msaada kiasi gani.

Aliyepitwa na umri anaweza kuombewa nafasi katika MEMKWA, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa walioikosa.

Tunawaomba wadau wote: kabla ya kuuliza mtoto huyu aanze darasa la ngapi, tuulize anajua nini tayari.