Fahamu: Rufaa dhidi ya kunyimwa kibali cha ujenzi Kisii na Nyamira
Mmiliki wa ardhi iliyokwisha kutumika, iwe karakana ya zamani mjini Nyamira au machimbo ya mawe ya sabuni huko Tabaka, anaponyimwa na kaunti kibali cha kujenga nyumba za makazi, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 humpa siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, yaani chombo kinachosikiliza migogoro ya upangaji, na asiporidhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda huo ni mfupi mno kwa anayehitaji ripoti ya mhandisi kuhusu uthabiti wa udongo uliochimbuliwa. Ajabu ni kwamba ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa.