Zege Gumu Hutaka Metali Laini

Diski ya almasi haina makali. Haikati zege, inalisaga. Meno yake ni unga wa metali, mara nyingi kobalti, chuma au shaba, ulioshindiliwa na kuchomwa pamoja na chembe za almasi ya viwandani. Chembe zilizochomoza husugua mpaka zivunjike na kung'oka, na hapo metali iliyozishika nayo lazima ilike ili zilizofichika ndani zijitokeze. Diski nzuri huisha, isiyoisha haikati.

Wanunuzi wengi hupotea hapa. Mtu ana zege gumu, anaomba diski "ngumu". Kumbe zege lililokomaa, lenye kokoto za granaiti kama za Mwanza, hutoa unga laini usiokwangua metali. Linahitaji metali laini, inayolika upesi. Lami ni kinyume chake: mchanga wake hukwangua vikali, hivyo hutaka metali ngumu. Zege changa, lililomwagwa jana na leo linakatwa maungio, lihesabu pamoja na lami. Basi muuzaji akikuuliza unakata nini, usimjibu "zege" tu. Mwambie umri wake na kokoto zake.

Kwenye lami kuna adui mwingine. Tope la mchanga hula bamba la chuma chini ya meno, hadi jino ambalo bado lina almasi tele linachomoka na kuruka. Ndiyo maana diski nyingi za lami huwa na baadhi ya meno marefu yanayoshuka kuelekea katikati, kulikinga bamba.

Ukiona diski inateleza na meno yanang'aa, usiikandamize. Joto litapanda na bamba litapinda. Kata mara chache tofali la mchanga na saruji, metali ilike na almasi zichomoze. Zikifunikwa tena baada ya muda mfupi, diski hiyo si ya kazi hiyo.

Mwendo nao si wa kubahatisha. Grainda ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya milimita 230 kwa kawaida huruhusiwa takriban 6,600. Fundi anayevua kinga ili aifunge diski kubwa kwenye mashine ndogo anachezea roho yake, na ya msaidizi aliyesimama mbele. Kata kina kidogo kidogo kwa awamu, na ukikuta nondo punguza kasi ya kusukuma.

Maji hupoza diski na kuzuia vumbi. Vumbi la zege lina silika, na silika huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa yenye kichujio. Lakini grainda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji: kwa kazi ya majimaji tafuta mashine ya petroli yenye bomba lake.