Lumbesa Ndani ya Python

Msimu wa vitunguu Ilongero, malalamiko ya mkulima hayakosi lumbesa: gunia linajazwa, linawekewa kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100.

Sasa chukua programu ya kuandikia mizigo hiyo. Ukiandika `g.uzito = 130`, Python inapokea tu, haiulizi. Hata -5 inapita! Yaani lumbesa imeingia kwenye rekodi, na mkulima hana pa kushika.

Dawa ni `property`, iliyokuja na Python 2.2 mwaka 2001. Siku hizi tunaiandika hivi:

```
class Gunia:
    @property
    def uzito(self):
        return self._uzito

    @uzito.setter
    def uzito(self, kilo):
        if not 0 < kilo <= 100:
            raise ValueError("Lumbesa!")
        self._uzito = kilo
```

Mtumiaji anaandika `g.uzito = 130` vilevile kama zamani, ila safari hii kuna mlinzi mlangoni, mzigo unarudishwa.

Angalia kile kistari cha `_uzito`. Ukikisahau kwenye mstari wa mwisho, funksheni inajiita yenyewe tena na tena mpaka Python inakata kwa `RecursionError`. Wengi tumenasa hapo.

Ila tusidanganyane: mtu akiandika `g._uzito = 130`, amepita dirishani. Kistari ni heshima tu, si kufuli. Ni kama mizani ya sokoni: inamlinda mkulima pale tu kila gunia linapopandishwa juu yake.