Kleist Sykes: mtoto wa askari wa kukodiwa aliyeijengea Dar es Salaam umoja

Mwaka 1889 Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani baada ya kuwapinga Wajerumani. Miongoni mwa askari walioletwa kumvunja nguvu walikuwamo Wazulu waliochukuliwa na Hermann von Wissmann kutoka Msumbiji, na mmoja wao aliitwa Sykes Mbuwane. Mwaka 1894, katika mji uleule wa Pangani, Mbuwane alipata mtoto wa kiume, Kleist.

Mtoto hakumfaidi baba. Mbuwane alizama katika mto Ruaha akirudi kutoka vita dhidi ya Mkwawa, na Kleist akachukuliwa na Effendi Plantan, mkubwa wa askari wale wa Kizulu, akalelewa pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha mambo yote aliyokuja kuyafanya. Hakuwa na kihamba cha kurithi, wala ukoo wa kumtambulisha, wala kaburi la babu la kwenda kuzuru. Mtu wa namna hiyo ama anabaki mgeni maisha yake yote, ama anatafuta jina kubwa zaidi ya kabila, ajiite kwa hilo.

Wajerumani walimpa shule, kisha wakampa bunduki. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa upande wa Paul von Lettow-Vorbeck, katika kampeni iliyozunguka nchi kwa miaka minne na kuwamaliza wapagazi kwa njaa na maradhi. Waingereza waliposhinda, waliwajengea watu wao sanamu ya askari katikati ya mji, mwaka 1927, singe yake ikielekea bandarini. Kleist na wenzake walikuwa wamepigana upande wa pili, na sanamu ile haikuwa yao. Yeye aliingia reli, akawa karani.

Mwaka 1924 mwanaelimu Dk. Kwegyir Aggrey kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, alifika Dar es Salaam, na Kleist alikutana naye, wakazungumza juu ya kuunda chama cha Waafrika. Miaka mitano baadaye ikazaliwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Wengi huupita haraka ukatibu, ilhali chama huishi kwa katibu: ndiye anayeandika barua kwa serikali, anayetunza kumbukumbu za kikao, anayejua nani kalipa ada na nani bado. Mwaka 1933 alikuwamo pia katika kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Jengo la African Association lililosimama New Street, ambayo leo ni Lumumba, lilijengwa kwa nguvu za wanachama wenyewe. Na tulitazame jina la chama hicho. Halikutaja Wazaramo, Wanyamwezi wala Wazulu. Lilimtaja Mwafrika, na mmoja wa waliolisimamisha alikuwa yatima asiye na kwao pengine ila mji huu.

Biashara nayo haikuwa lelemama. Maduka makubwa yalikuwa Uhindini, na sheria ya ukoloni ilimbana Mwafrika katika mikopo: asiye Mwafrika aliyemkopesha bila kibali cha serikali hangeweza kumdai mahakamani. Nani basi angempa bidhaa auze kwanza, alipe baadaye? Ilisemwa kuwa sheria hiyo inamlinda. Ilichomfanyia ni kumfungia mlango wa biashara. Kleist alikuwa na mshahara wa reli, na alijua kuandika hesabu. Baadaye aliiacha kazi ya reli akashika biashara moja kwa moja, na akaheshimika miongoni mwa wafanyabiashara wa mji.

Nyumbani alikuwa na watoto wa kiume watatu: Abdulwahid, Ally na Abbas. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Abdulwahid na Ally walivaa sare za King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Babu alitumikia bunduki ya Mjerumani, baba vilevile, sasa wajukuu wakabeba ya Mwingereza. Lakini hawa walirudi katika nyumba ambayo mambo ya chama yalikuwa yakizungumzwa tangu wangali wadogo. Kleist alifariki mwaka 1949. Abdulwahid akaingia katika uongozi wa chama kilekile cha baba yake, na tarehe 7 Julai 1954, pale pale New Street, chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Abdulwahid na Ally walikuwamo miongoni mwa waasisi, pamoja na Julius Nyerere.

Kabla ya kufa Kleist alikuwa ameandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizifanyia kazi, na makala yake ikatoka mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Mtaa wa Kipata nao ukapewa jina la Kleist. Ni heshima, ila kibao cha mtaa hakisemi aliyetajwa alikuwa nani. Ningependa kumwona katika kitabu cha historia cha sekondari, katika sura ile inayoanza mwaka 1954. Na sura yenyewe ianze 1929.